Fimbo ya Gofu Chini ya Kitanda

Kila Jumamosi asubuhi Chelagat alifua nguo bombani pamoja na mdogo wake, Kimaiyo, ambaye kazi yake ilikuwa kusuuza lakini alipenda zaidi kurusha povu. Habari zote za landhi, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mstari mmoja nje ya mji wa Nakuru, zilianzia pale bombani.

Lakini habari tamu kuliko zote zilikuwa za baba yao, Kosgei. Alikuwa kedi: aliwabebea wazungu mikoba ya fimbo kwenye uwanja wa gofu. Jioni majirani walijaa chumbani, wengine wakikalia madebe, ili wamsikilize.

"Leo bwana mmoja katoka garini, hata mabega hajanyoosha, akapiga kwa nguvu zote. Mgongo ukamkamata papo hapo! Mwingine tangu juzi anapiga udongo badala ya mpira. Kiwiko kimevimba kama kiazi!"

"Na mabega yako je, Baba Chelagat?" aliuliza Mama Chepchirchir, jirani asiyepitwa na jambo.

"Mimi nabadilisha bega kila shimo. Na mkoba nauinua kwa nguvu ya magoti, si ya mgongo."

Chini ya kitanda palikuwa na fimbo moja ya gofu. Kichwa chake cha chuma kilitupwa na mchezaji, Baba akakipachika kwenye mpini wa mutamaiyo, mti mgumu wa msituni. "Isiguswe nikiwa sipo," alikuwa amesema.

Jumamosi moja, Baba akiwa kazini na Mama amekwenda sokoni, Chelagat aliitoa nje.

"Mimi bwana, wewe kedi," alimwambia Kimaiyo.

"Kila siku mimi tu kedi!" Kimaiyo alinung'unika, lakini akajitwika gunia tupu na kusimama nyuma ya dada yake, karibu kabisa. Ndivyo walivyozoea kuona wakichungulia kwenye ua wa miiba ya kaiyaba uliozunguka uwanja wa gofu. Kutoka mbali, kedi alionekana kama amegusana na mchezaji.

Chelagat hakugeuka kuangalia. Aliirudisha fimbo nyuma kwa nguvu, na kabla haijashuka kwenye mpira wa matambara alioutega chini, ikagonga kitu.

Kimaiyo alikuwa ameketi chini, mkono juu ya sikio. Damu ilikuwa kidogo tu. Alilia, kisha akanyamaza ghafla, na kimya hicho kikamtia Chelagat hofu. Akakimbia kuirudisha fimbo chini ya kitanda. Alipotoka, Mama Chepchirchir alikuwa amefika, na nusu ya landhi nyuma yake.

"Amefanya nini mtoto?"

"Ameanguka," Chelagat alisema. "Ameteleza bombani."

Kimaiyo alimtazama dada yake.

Baba aliitwa, akambeba Kimaiyo hadi zahanati, Chelagat akiwafuata. Ephantus, dresa wa pale, yaani mhudumu wa kufunga vidonda, alisafisha kidonda. "Kama ni kuteleza tu, si neno. Mpeleke nyumbani alale."

Baba akageuka kuondoka. Kichwa cha Kimaiyo kililegea begani mwake, macho yakifumba. Chelagat aliwaza fimbo atakayochapwa. Kisha akaona macho yale yamefumba kabisa.

"Hakuanguka!" alipiga kelele. "Nilimgonga na fimbo ya gofu! Ile ya chuma!"

Dresa Ephantus aliruka. "Mrudishe hapa haraka!" Akamfungua Kimaiyo macho, akayamulika kwa tochi. Mtoto akatapika. Lori la mbao lililotoka Elburgon lilisimamishwa barabarani, likawapeleka hospitali. Huko daktari alikuta mfupa wa kichwa umepata ufa.

Kimaiyo alilazwa siku tisa. Aliporudi, kichwa kimefungwa bendeji, majirani walijaa tena, lakini hakuna aliyecheka. Baba aliivuta fimbo, akaiweka katikati yao.

"Kosa moja ni langu," alisema. "Niliwakataza kuishika, sikuwaeleza kwa nini. Nikawachekesha kwa migongo ya watu. Kedi hasimami nyuma ya mchezaji. Husimama mbali, mahali wanapoonana macho. Na mchezaji hainui fimbo kabla hajageuka kutazama pande zote."

"Nisamehe, Baba," Chelagat alisema, machozi yakimtoka. "Nisamehe, Kimaiyo."

"Fimbo ilimpasua mfupa, mwanangu. Hiyo ilikuwa ajali. Lakini neno lako, 'ameanguka', lilikuwa linampeleka nyumbani kufa. Dresa hutibu kile alichoambiwa. Ukimficha ukweli, umemfunga mikono. Wewe ulimfungua ukiwa umechelewa kidogo tu, na ndiyo maana leo tuko naye."

Kimaiyo alisogea akakaa karibu na dada yake, akaulaza mkono wake mapajani mwa Chelagat.