Niliwanywesha Wageni Ada Yangu ya Shule!

Naitwa Donatila, msichana wa miaka ishirini na mitatu, na ninauza sambaza katika soko la Gisenyi. Kwa wasioijua, sambaza ni wale samaki wadogo wa ziwa letu la Kivu, wanaokaangwa na kuliwa pamoja na vichwa vyao. Ukipita karibu na wauza ndizi utanikuta nimejifunga kitambaa kichwani, nafukuza nzi. Huwezi kudhani kwamba leo ningekuwa karibu kuvaa gauni jeupe la muuguzi... Lakini ndivyo ilivyopaswa kuwa!

Wasomaji wenzangu, nivumilieni. Ninayoyasimulia yananitia aibu hadi leo, na hakuna aliyenifanyia zaidi ya mimi mwenyewe na mtu mmoja niliyempenda kama kipofu.

Baba yetu alikuwa mtu wa Goma, ng'ambo ya mpaka, ndiyo maana nyumbani tunazungumza Kiswahili. Alifariki tukiwa wadogo. Mama ni mwenyeji wa Rubona, pale bandarini, na alitulea mimi na kaka yangu Faustin kwa kuuza samaki. Faustin amenitangulia mwaka mmoja tu, lakini vurugu za vita zilifunga shule, na zilipofunguliwa tena tulijikuta darasa moja. Tulisoma kwa kibatari kimoja. Hesabu zote nilizofaulu alinifundisha yeye, na mara nyingi alinipiga kofi la kichwani kwa uzembe wangu.

Tulimaliza sekondari pamoja. Yeye alinishinda kwa mbali.

Wakati huo upande wetu kulikuwa na mfuko uliokopesha wanafunzi wa familia maskini pesa ya chuo. Sharti lake lilikuwa gumu: nyumba moja, mtoto mmoja. Wa pili angepata zamu yake pale tu wa kwanza atakapomaliza mwaka wake wa kwanza na kufaulu. Na lazima mtu wa familia aweke sahihi ya udhamini.

Kila mtu alijua anayestahili ni Faustin. Mama alijua, mimi nilijua. Lakini kaka yangu alicheka, akaonyesha mikono yake.

“Mi niko na nguvu, ntavuta nyavu,” alisema. “We uende kwanza. Mwaka moja tu, kisha mi nafuata. Si ni mwaka moja?”

Akaweka sahihi ya udhamini mwenyewe, akaenda kuomba kazi kwenye mitumbwi. Tangu siku ile hakuniita tena jina langu. Aliniita Dogiteri! Nilimwambia mara ngapi kwamba ninaenda kusomea uuguzi, si udaktari? Hakujali. Akitoka ziwani asubuhi ananuka samaki, anapiga kelele toka nje: “Dogiteri yangu iko wapi? Ilete chai!” Wavuvi wenzake nao wakaiga, Rubona nzima nikawa Dogiteri.

Pesa ya mwaka mzima nilipewa mkononi mwezi wa saba, niende nayo chuoni upande wa Nyundo masomo yakianza. Nilikuwa sijawahi kushika pesa kama ile. Ningemkabidhi mama siku ileile, nisingekuwa naandika haya leo.

Lakini wakati huo nilikuwa na mchumba... Aloys!

Alikuwa mtoto wa mfanyabiashara wa saruji pale mjini. Mrefu, mpole wa maneno, viatu vyake vinang'aa hata msimu wa mvua. Familia yake ilikuwa imekubali kuja kuniposa na kutoa ng'ombe, ile sherehe tunayoiita dote, halafu harusi ingefuata nikihitimu. Kwa desturi yetu, siku ya dote nyumba ya msichana ndiyo inayowapokea wageni. Mama alipanga kuwakaribisha kwa pombe ya ndizi, viazi na samaki, wakae chini ya turubai la kanisa.

Aloys aliposikia, alikunja uso. Aliniambia kwamba baba yake anakuja na watu wakubwa wa mjini, na hao watu hawanywi pombe ya vidumu. Watacheka, alisema. Watasema ameokota mke kwenye nyavu.

Maneno hayo yaliniingia kama mwiba! Nilimwambia nina pesa, lakini ni ya chuo. Akanishika mkono, akaniambia nisiwe mtoto. Si watu watatwerera? Ikipungua, yeye ataongeza kabla chuo hakijafunguliwa. Aliapa kwa jina la mama yake.

Kutwerera ni hivi: kukiwa na harusi, ndugu na majirani wanaitwa kwenye kikao, kila mmoja anasimama na kutamka atatoa nini. Mama alikuwa ametwerera kila harusi ya Rubona tangu nizaliwe. Sasa ilikuwa zamu yetu kurudishiwa! Kwenye kikao chetu watu walisimama mmoja baada ya mwingine wakitaja ahadi, tukawapigia makofi. Shangazi Zaina, dada yake baba, alitoka Goma na baba zetu wadogo wa kule, wakataja ahadi kubwa kuliko wote. Nilijumlisha kichwani nikiwa nimekaa palepale. Ilitosha kurudisha ada na chenji ikabaki!

Basi nikaanza kutumia... Nilikodi ukumbi karibu na ufuo. Nilikodi mishanana ya hariri, yale mavazi yetu ya sherehe yanayofungwa begani, kwa ajili yangu na wasichana wa kunisindikiza. Nililipa wapiga ngoma, viti vyenye vitambaa vyeupe, na bia, kreti juu ya kreti! Na nani alizibeba zile kreti? Faustin. Alipanda nazo lori kutoka Rubona, akazishusha mgongoni mwake moja moja, jasho likimtiririka, anaimba. Nilikuwa nimemdanganya kwamba Aloys ndiye amelipa. Alibeba zamu yake ya shule mgongoni na hakujua!

Sherehe ilifana, siwezi kukataa. Msemaji wa upande wetu alisimama, akawaringia wageni kwamba binti wanayemwomba si wa hivihivi, huyu anakwenda kuwa muuguzi. Wa upande wa Aloys akajibu kwamba ndiyo maana wamekuja na ng'ombe mwenye pembe nzuri. Watu wakacheka na kunywa. Nilimwona Faustin nyuma, amevaa koti la kuazima, anafuta machozi ya furaha.

Hazikupita siku nyingi vita vikazuka upande wa pili, mpaka ukafungwa. Shangazi na baba wadogo walinasa kule na ahadi zao! Ulipofunguliwa tena, biashara zao zilikuwa zimekwisha, nani angewadai? Wa Rubona nao walianza kukwepa. Huyu anaumwa, yule mtumbwi wake umeharibika. Tuliokota kidogo sana, na hicho kidogo kilimalizia deni la ukumbi.

Nikamwendea Aloys dukani kwa baba yake. Nilimkumbusha kiapo chake. Alinitazama kana kwamba mimi ni mteja anayeomba kukopeshwa! Akasema biashara imelala, nisubiri. Nikasubiri. Nikaenda tena, akasema nisimsumbue mbele ya watu.

Siku ya kwenda chuoni ikafika. Ningefanya nini? Ningemwambia mama ukweli? Ningemwambia Faustin? Ee wasomaji, hapo ndipo nilipopata nafasi ya mwisho ya kuwa binadamu, na niliipoteza. Walinisindikiza hadi kwenye gari, Faustin amebeba sanduku langu la bati. Nikapanda. Nyundo si mbali, lakini sikufika. Nilishuka njiani, nikasubiri gari la kurudi, nikavuka mpaka kwenda kwa shangazi Zaina. Nilimwambia chuo kimeahirisha masomo kwa sababu ya usalama. Aliamini, siku zile jambo kama hilo lilikuwa la kawaida.

Nilijipa moyo kwamba nitakaanga mandazi barazani kwa shangazi, nitakusanya pesa, nitaingia chuoni nimechelewa kidogo... Mandazi! Hata unga wenyewe ulikuwa wa kukopa.

Aloys peke yake ndiye niliyempelekea habari niliko. Alipojua kwamba sikuanza masomo, hakuja yeye. Alituma mtu. Mtu huyo aliniambia familia ya akina Aloys ilitoa ng'ombe kwa ajili ya muuguzi, na muuguzi hayupo. Baba yake Aloys ameona ni afadhali waachane na jambo hili kimyakimya, ng'ombe tutamrudisha. Nililia hadi shangazi akadhani nimefiwa. Mtu aliyenifanya niimwage shule yangu ili asione haya ndiye aliyeniacha kwa kukosa shule! Niambieni, kuna uchungu kama huo?

Nilidhani hakuna. Kumbe upo mkubwa zaidi.

Chuo kilikuwa na Jumapili ya wageni, siku ambayo wazazi na ndugu huruhusiwa kuingia. Mimi nilikuwa nimeisahau, ningeikumbukaje? Faustin hakuisahau. Alikuwa anaihesabia. Alimwomba tajiri wake ruhusa, mama akamkaangia sambaza, akachemsha mayai, akafunga parachichi na sabuni kwenye kikapu. Akavaa lile koti la kuazima, akaenda Nyundo.

Alisimama getini na wazazi wengine. Wasichana walitoka wamevaa sare, kila mmoja akamkimbilia wake. Yeye akabaki. Akauliza. Mwalimu mmoja akatafuta jina langu, hakuliona. Akamwambia kwa upole kwamba msichana huyo hakufika kabisa, na nafasi yake imeshapewa mwingine.

Hakufika kabisa! Mnajua siku zile barabara zetu zilikuwaje? Magari yalishambuliwa, watu walitoka nyumbani wasionekane tena. Kaka yangu hakuwaza kwamba nimemdanganya. Hilo halikumjia hata kidogo! Alijua nimekufa. Alijua nimetupwa mahali fulani kati ya Gisenyi na Nyundo, na kwamba yeye ndiye aliyenipandisha kwenye gari lile.

Alirudi kwa miguu barabara yote ile na kikapu chake, akiuliza kila nyumba kama kuna waliomwona msichana mwenye sanduku la bati. Hakwenda kwa mama. Hakuwa na mdomo wa kumwambia. Alivuka mpaka, aje kwanza kwa shangazi, wapange namna ya kumpa mama msiba.

Mimi nilikuwa barazani, mikono imejaa unga.

Nilimwona akikata kona. Nilitaka kukimbia, lakini alikuwa ameshaniona. Yeye alisimama katikati ya njia, akanitazama... Halafu akaangua kilio! Alinijia akanikumbatia na unga wangu wote, ananipapasa kichwa, mabega, kama anayehakikisha nimekamilika.

“Dogiteri... uko muzima! Mungu wangu, iko muzima! Shangazi, kuja uone, Dogiteri iko muzima!”

Aliruka. Alicheka na kulia. Shangazi alitoka ndani na tasbihi mkononi, hakuelewa chochote. Na mimi, badala ya kufurahi kwamba kuna mtu duniani anayenipenda hivyo, niliomba ardhi inimeze.

Ilichukua muda kabla hajauliza. Alikaa kwenye kigoda, akajifuta uso kwa mkono wa lile koti.

“Sasa... huku ulikuwa unafanya nini?” aliuliza.

Nikamwambia. Nilimwambia yote, ukumbi, hariri, ngoma, bia. Nilipofika kwenye bia alitazama mikono yake. Hakunipiga, na ningefurahi angenipiga! Hakunitukana. Halafu akavuta kile kikapu, akakifungua, akakisogeza mbele yangu.

“Kula,” alisema. “Imepoa, lakini kula. Mama alikukaangia.”

Nilikula, wasomaji. Nilikula huku machozi yakiingia mdomoni, kwa sababu alikuwa amekaa pale akinisubiri nimalize.

Mfuko ulitaka pesa yake irudishwe, na mdhamini alikuwa Faustin. Hadi deni liishe, nyumba yetu haipewi mkopo tena. Maana yake zamu yake imefungwa, na mimi ndiye niliyeifunga. Alimrudisha ng'ombe kwa akina Aloys, akimswaga mwenyewe kupita mjini mchana, watu wakitazama. Mama alilala kitandani kwa majuma kadhaa, alipoinuka alikuwa mzee. Aloys ameoa mwalimu mwaka huu. Nilisikia kwamba wageni walikunywa vizuri.

Mimi na Faustin tunalipa pamoja, yeye kwa nyavu, mimi kwa meza yangu ya sokoni. Tumebakiza kidogo, lakini wale aliowashinda darasani wamekwisha kwenda vyuoni. Mmoja wao alipita bandarini hivi karibuni kumsalimia, wakapiga soga kidogo. Baada ya hapo kaka yangu aliosha ndoo zake muda mrefu kuliko zilivyohitaji.

Wasichana wenzangu, na ninyi wavulana, nawasihi! Pesa uliyopewa ya shule, isomee. Usiiguse kwa ajili ya mtu anayeona haya kwenu, hata aape kwa mama yake na wa kwako. Usihesabu ahadi za watu kama pesa iliyo mfukoni. Na ukiwa umeshakosea, sema mapema! Mimi ningesema siku ile ya kupanda gari, pengine wangelia, pengine wangenifukuza. Lakini kaka yangu asingetembea barabara ile ya Nyundo akitafuta maiti yangu.

Hajawahi kunilaumu. Kila asubuhi ninashuka bandarini kuchukua sambaza, naye hunichagulia zile nzuri. Wale wavuvi wengine bado wananiita Dogiteri kwa mazoea, hawajui. Yeye hunipa ndoo, anasema, “Donatila, chukua.”

Nami naitika, nachukua.