Vidonge Vilivyotupwa Chooni

Nina miaka thelathini na mmoja, mama wa mapacha. Nina mume hai, lakini naishi kwa mama yangu hapa Kambarage, Shinyanga...

Mume wangu, Baba Kulwa, ni mchimbaji mdogo wa dhahabu Kahama. Tulipendana! Kisha tumbo likaanza kunivimba upande wa kushoto, nikakonda. Wifi yangu Nyamizi akasema nimerogwa. Hospitalini Mwanza walinipima damu hadi vinasaba, wakaniambia ni saratani ya damu. Nililia! Ila daktari alisema aina hiyo siku hizi ina vidonge vya kumeza kila siku, nyumbani.

Nilimweleza mume wangu yote. Nikaanza kumeza vidonge. Tumbo liliponywea na mwili kurudi, wifi akaanza.

"Kaka, kansa gani ya vidonge? Kansa inanyonyoa nywele! Hivyo ni vya ukimwi, anakuficha."

Nikawa mtuhumiwa ndani ya nyumba yangu. Mume wangu alipekua simu yangu, alinusa kanga zangu. Nikimsalimia muuza mkaa, nimekosa! Nilimsihi twende wote kwa daktari.

"Mmeshapanga naye," akanijibu.

Alikwenda kupima ukimwi kimyakimya, akakutwa mzima. Je, alitulia? Wapi! Alisema Mungu amemwokoa mapema.

Siku moja nilirudi kutoka sokoni... vidonge vyote vimetupwa chooni, nguo zangu zipo nje. Mume wangu akanifukuza, wanangu wakabaki kwake.

Nilikaa kwa mama bila dawa. Niliona aibu, nikidhani kliniki watanigombeza. Tumbo likavimba upya! Mama akanipeleka Mwanza, akampigia mkwewe simu: "Njoo usikie mwenyewe, au uje kuzika."

Alikuja. Daktari akamweleza, na nikapimwa ukimwi mbele yake. Sina! Baba Kulwa akalia.

"Nisamehe, Mama Kulwa."

"Daktari umemwamini leoleo. Mimi mkeo je?"



Vidonge vya zamani vilikataa kufanya kazi, nikabadilishiwa vingine. Tunasubiri majibu. Kila Jumapili mume wangu huwaleta watoto, nami humpikia. Lakini chumba chenye dawa nakifunga, na ufunguo nauficha kifuani... Nifanyeje? Siwezi kumwamini!

Ndugu zangu, mwenzako akiugua ugonjwa usioujua, fuatana naye kliniki. Muulize daktari, usimuulize dada yako! Nawe mgonjwa, dawa ikipotea, kimbilia hospitali siku hiyohiyo. Mimi niliona aibu, na ugonjwa haukunisubiri.