Nusu ya Bei kwenye Mkataba

Kila alasiri akitoka shule, Kifutio alikaa kwenye kigoda kando ya cherehani ya mama yake akishona vifungo vya mashati ya sare. Jina hilo alipewa na wenzake darasani, kwa sababu hakuacha kosa la mtu lipite. Chumba chao cha kupanga kilikuwa jiko, karakana na mahali pa kulala. Sasa mama alikuwa amepata nyumba ya vyumba viwili, na fedha za kuinunua zilikuwa tayari benki.

Kumbe alikuwa ameweka akiba ya bei tu. Wakili alipomweleza kwamba kuna pia ushuru wa stempu, ada ya usajili na malipo ya kuandaa hati, mama alirudi nyumbani mnyonge.

Mjomba alipopata habari alicheka mpaka akajifuta machozi. Huyu alikuwa bingwa wa kila jambo ambalo hajawahi kulifanya. Alivaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba, na alimsemesha dada yake kama anayemwelekeza mbuzi zizini. Kulipa ushuru kamili, alisema, ni kazi ya washamba. Mkataba uandikwe nusu ya bei, ushuru ukokotolewe kwa nusu hiyo, na nusu nyingine muuzaji apewe mkononi. Alikwisha kuzungumza naye.

“Na hiyo ya mkononi ina risiti?” Kifutio aliuliza.

“Wewe shona vifungo.”

Jumamosi walikutana sebuleni kwa muuzaji, bila wakili, kwani mjomba alidai mawakili ni kupe. Mama alishika kalamu. Kifutio aliisoma karatasi yote, taratibu, huku mjomba akisonya. Alipofika kifungu cha tano, cha kurudisha fedha, alimgeukia muuzaji.

“Samahani babu. Mauzo yakivunjika, utamrudishia mama kiasi gani?”

Muuzaji alipiga miayo. “Si umesoma mwenyewe, mjukuu wangu? Kilichoandikwa.”

Mjomba alicheka peke yake.

Mama aliifunika kalamu. “Kaka, miaka tisa nimeinamia cherehani. Unataka nusu ya miaka hiyo niiache bila ushahidi, ili nikwepe ushuru ninaoweza kuulipa kwa kushona miezi minne tu?”

Mjomba alijibu kwamba watoto wa siku hizi hawana adabu.

Jumatatu walikwenda kwa wakili na bei ya kweli ikaandikwa. Muuzaji alinung'unika, lakini hakuwa na mnunuzi mwingine, akakubali kungoja miezi minne. Mama alishona, Kifutio akaweka vifungo, ushuru na ada zikalipwa, na hatimiliki ikatoka kwa jina la mama.

Siku ya kuhamia, mjomba alifika na begi lake. Mwenye nyumba wake alikuwa amemfukuza tena. Aliuliza kama chumba cha pili kina mtu.

“Kina mwanafunzi,” mama alimjibu, akampa kikombe cha chai anywe barazani.

Kisha alimvuta binti yake ndani. “Ukinunua kitu kikubwa, mwanangu, ulizia gharama zake zote kabla hujafurahia bei. Na usitie saini uongo, hata ukionekana wa kukufaa. Siku ya ugomvi itasomwa karatasi. Na anayekwambia sheria ni ya washamba, mwangalie kwanza yeye analala wapi.”