Blanketi Alilovikwa Mwalimu Matseliso

Wazazi wenzangu, na ninyi walimu mnaopenda kukaa karibu na mlango ili mtoroke mkutano, sogeeni. Nawasimulia yaliyotukuta hapa kijijini kwetu Ha Moletsi. Nasema yaliyotukuta kwa sababu siku ile sote tulikuwepo, na sote tulipiga vigelegele.

Ilikuwa asubuhi njema ya kufunga shule. Theluji ilikuwa juu milimani, lakini huku bondeni jua lilituhurumia. Katika nyumba ya mawe nyuma ya shule, Mwalimu Matseliso alikuwa akimkorogea mumewe uji mchachu. Mumewe, Ntate Mohau, yaani Baba Mohau, alifanya kazi migodini ng'ambo ya mpaka hadi vumbi likamharibia mapafu, akarudishwa nyumbani na kikohozi. Tangu hapo mke ndiye aliyeibeba nyumba. Unga ulitoka kwake, dawa za kifua zilitoka kwake, na hata paa lilitoka kwake, maana nyumba ile ni ya shule. Asiyefundisha haishi humo.

"Leo unapongezwa, Mama Tseliso," Mohau alimtania mkewe. "Usije ukarudi na maringo, ukasahau kuniamkia."

"Nitakuamkia ukiosha hivi vyombo."

"Basi bora usiniamkie."

Wakacheka mpaka kikohozi kikamshika mzee wa watu.

Kuna jambo moja niwaambie kabla sijaendelea. Miezi michache nyuma, alikuja shuleni Puseletso, mwanamke wa chama cha walimu cha wilaya. Alisema watoto wanapungua katika shule za milimani, na baadhi ya bodi zimeanza kupunguza walimu kiholela. Akawaomba walimu wafike mkutanoni wajue haki zao. Matseliso alimjibu akiwa anasahihisha madaftari, hata kichwa hakuinua.

"Dada yangu, ada ya chama mnanikata kila mwezi, nami sisemi kitu. Lakini mambo ya kelele mniachie. Mimi na kanisa lenye shule hii hatujawahi kugombana."

"Sawa, mama," Puseletso alisema, wala hakukasirika. "Siku ukitaka kupiga kelele, nipo."

Haya, turudi kwenye sherehe. Mnajua blanketi kwetu ni kitu gani. Bibi harusi huvikwa, chifu huvikwa, na mtu akivikwa mbele ya chifu halivui wala hajibishani. Husema asante, akatulia. Ntate Ramaili, mwenyekiti wa bodi ya shule, alilijua hilo kuliko sisi sote. Alimwomba Chifu Moletsi amvike Matseliso blanketi zuri jekundu kwa miaka yake mingi ya kazi. Chifu akamvika, akamfunga pini begani. Wanawake tukapiga vigelegele. Matseliso machozi yakamlengalenga, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka uani, "Asanteni. Asanteni sana, jamani."

Ndipo Ramaili akasimama, akakohoa kidogo, akasema, "Mama yetu amelipokea blanketi la kuagwa. Anakwenda kupumzika. Muhula ujao darasa lake litachukuliwa na Mwalimu Limpho."

Limpho ni mchumba wa mtoto wa Ramaili. Alikuwa ameajiriwa mwaka uleule, hata chaki za shule hajajua zinawekwa wapi.

Matseliso alisimama pale na blanketi lake. Alitaka kusema, "Nani kawaambia nimechoka?" Lakini chifu alikuwa mbele yake, mkono wa chifu ulikuwa bado uko begani pake, na neno asante lilikuwa limeshamtoka. Akainamisha kichwa. Nasi, Mungu atusamehe, tukapiga vigelegele tena.

Kesho yake Ramaili alimtuma mtu kuuliza watahama lini.

Hapo ndipo nyumba ile ilipoanza kuumia. Matseliso aliacha kula. Alifunga vyombo katika masanduku, akavifungua, akavifunga tena, hajui wavipeleke wapi na baridi ile. Mohau alianza kuficha kikohozi chake, na kuacha nusu ya dawa ili zidumu. Mkewe alipogundua alikaa kitako jikoni, akalia kwa uchungu.

"Unataka kufa unikomoe?"

"Nataka dawa zitoshe mpaka baridi iishe," alisema Mohau. "Mama Tseliso, nisikilize. Kule migodini nilipougua, meneja aliniambia nirudi nyumbani kimyakimya. Wenzangu wa chama ndio waliokataa. Walisema mtu hatolewi kazini kwa kuambiwa safari njema, wakasimama nami mpaka nikalipwa kidogo changu. Wewe unakatwa ada kila mwezi. Mwite yule mwanamke."

"Nimwite kwa uso gani, Ntate? Nilimdharau."

"Kwa uso huohuo."

Alimwita. Puseletso alikuja juu ya farasi, miguu imekufa ganzi kwa baridi, na wala hakutaja maneno ya zamani. Aliomba chai, akasikiliza yote mpaka mwisho, kisha akauliza, "Bodi ilikuita ikakueleza kwamba nafasi imepungua? Ulipewa muda wa kujieleza?"

"Nilipewa blanketi."

Puseletso alitikisa kichwa. Akaondoka, akarudi na afisa wa elimu wa wilaya pamoja na walimu wa shule za jirani. Watu wale walikatiza theluji kwa ajili ya mwenzao ambaye mikutano yao hakuwahi kuihudhuria hata mara moja. Mpaka leo nikiwakumbuka walivyoshuka kwenye farasi wao, nawashukuru kwa moyo wangu wote.

Kikao kilifanyika darasani, mbele ya chifu. Ramaili alikuja amejiandaa.

"Huyu mama alikubali kuagwa," alisema. "Kijiji kizima kilimsikia akisema asante. Nyie watu wa chama msituletee sheria za mjini. Huku milimani tuna mila zetu."

"Alishukuru kwa blanketi, baba," Puseletso alimjibu kwa adabu. "Kazi hakuiacha. Nafasi ikipungua, mwalimu huitwa, huelezwa, husikilizwa. Na wa mwisho kuingia ndiye wa kwanza kuhamishwa. Nani aliingia mwisho hapa?"

 Hapo Chifu Moletsi aliinuka. Ni mtu mpole, wengi hatujawahi kumsikia akipaza sauti. Siku ile aliipaza.

"Ramaili! Mila gani unayoisema? Uliniambia nimpongeze mwalimu. Mimi nikamvika kwa mikono yangu hii, na uliposema anapumzika nikadhani ameomba mwenyewe. Kumbe ulitumia mikono yangu kumfukuza mtu?"

Ramaili akaketi.

"Matseliso," chifu akamgeukia, "sema sasa. Mbele yangu unaruhusiwa."

Matseliso alisimama. 

"Sikuomba kupumzika, Morena, chifu wangu. Naipenda kazi yangu, na mume wangu anaitegemea. Naomba darasa langu."

Afisa akatamka kwamba hakuna aliyemwachisha kazi, kwamba atabaki, na kwa kuwa watoto wamepungua, wa kuhamishwa ni Limpho. Watu walilipuka kwa furaha. Mohau, ambaye alikuwa ameegemezwa dirishani, alipiga mluzi wa wachunga ng'ombe mpaka akaishiwa pumzi, na mkewe akamkimbilia, huku analia na kumgombeza.

Lakini kwenye kona ya darasa alikuwepo Limpho, anafuta macho. Ramaili alikwishatoka bila kumtazama. Puseletso ndiye aliyemwendea.

"Na wewe ni mwalimu," alimwambia. "Hatukutupi. Shule ya bonde la pili inatafuta mtu, na hutahama bila kupewa notisi."

Siku Limpho alipohama, Matseliso alimsindikiza mpaka kwenye kivuko cha mto.

"Mama, mimi nilijua mapema kwamba utaondolewa," Limpho alisema. "Niliambiwa ninyamaze."

"Nami nilinyamaza, mwanangu, mbele ya watu wote," Matseliso alisema. "Nenda. Tutaonana kwenye mkutano wa chama. Nami nitakaa mbele."

Funzo

Ndugu zangu, heshima isiyomruhusu mtu kusema si heshima, ni njia ya upole ya kumdhulumu. Ukitaka kumwondoa mwalimu kazini, mwite, mweleze, msikilize. Usimfunike kwa sherehe. Nawe mwalimu, chama si ada tu. Ni wenzako, na wanahitaji kukuona kabla hujawahitaji. Tuwashukuru waliokuja. Na sisi tuliopiga vigelegele, siku nyingine tumuulize kwanza anayevikwa: mama, wewe mwenyewe unataka nini?