Sauti ya Selina Ilipotangaza Msiba

Kila asubuhi Mama Martha aliwasha redio kabla ya kuwasha moto. Majirani walimcheka.

"Wewe mama, uji wako unaivia redioni?"

"Namsikiliza mwanangu," alijibu. "Nyie wenu wanasikika wapi?"

Haya maringo yalikuwa na sababu. Binti yake, Selina, alikuwa mtangazaji wa redio ndogo ya Singida mjini. Mama aliishi peke yake kijijini, nje kidogo ya Kiomboi, akilima mtama na alizeti. Mtoto wake wa kiume, Laurian, alioa Sepuka na kuhamia huko. Watoto wote wawili walikuwa mbali, lakini huyu mmoja mama alimsikia kila siku.

Selina alisoma bei za alizeti, habari za mikutano na matangazo ya vifo. Hayo ya vifo ndiyo watu waliyoyasubiri. Kwetu Singida, msiba ukitangazwa redioni, mtu huacha jembe shambani akatafuta nauli. Kwa hiyo Selina hakuyasoma hivi hivi. Alimpigia simu aliyetuma ujumbe. Kisha alimtafuta mwenyekiti wa kitongoji. "Ni kweli mzee amefariki? Wewe mwenyewe umefika msibani?" Wenzake walimtania kwamba anataka na kuzika kabisa. Selina aliwaacha wacheke.

Siku moja meneja wake, Antipasi, alimwita ofisini.

"Selina, tunataka sauti yako. Keti usome habari za zamani. Soma nyingi. Ni majaribio tu."

Selina alisoma mpaka koo likakauka. Hakuuliza ni majaribio ya nini. Bosi akisema soma, unasoma.

Baada ya wiki chache Antipasi alimwita tena. Safari hii hakumtazama usoni.

"Tumepata mfumo mpya. Ni akili mnemba. Unaijua?"

"Naisikia tu, bosi."

"Ni kompyuta iliyofundishwa kuiga binadamu. Itasoma kwa sauti yako. Haichoki, haiugui, haiombi likizo. Nenda nyumbani upumzike. Tutakuita."

Wasomaji wengine wawili waliambiwa maneno hayo hayo. Na mtu mzima yeyote anajua "tutakuita" ya bosi maana yake ni nini.

Kesho yake Selina alikuwa kwake Mwankoko, pembeni mwa mji, anachambua mchele. Redio ikaanza: "Habari za asubuhi, msikilizaji. Ni mimi Selina wako." Mikono yake ikasimama juu ya ungo. Sauti ilikuwa yake. Hata kile kicheko kidogo cha mwisho kilikuwa chake. Selina alijishika kooni. Aliogopa kama mtu aliyekuta mgeni amevaa nguo zake.

Punde mama akapiga simu.

"Leo umesoma vizuri, mwanangu! Hata mafua yamepona."

Selina alitaka kumwambia ukweli. Aliona aibu. Mama alikuwa amewaringia watu siku nyingi. "Asante, mama," alisema, akakata simu. Hapo ndipo alipokosea, nasi tumsamehe, maana aibu ya kukosa kazi inafunga midomo ya wengi.

Jirani yake, Maryam, alifundisha kompyuta shule ya sekondari. Selina alimweleza yote.

"Ulikubali kwa maandishi?" Maryam aliuliza.

"Hapana. Alisema ni majaribio."

"Basi sauti yako imechukuliwa bila idhini yako. Hilo la kwanza. La pili linanitisha zaidi. Hiyo mashine inajua kusoma, lakini haijui inasoma nini. Kwake kifo na bei ya alizeti ni maneno tu. Nani anapiga simu kuhakikisha?"

Usingizi wa Selina ulipungua kuanzia siku hiyo.

Wiki haikuisha. Selina alikuwa anafua uani, redio ikiwa dirishani. Saa ya matangazo ya vifo ikafika. Sauti yake mwenyewe ikasema taratibu, bila kutetemeka:

"Tunasikitika kutangaza kifo cha Laurian Kitundu wa Sepuka. Habari ziwafikie mama yake, Martha wa Kiomboi, na dada yake, Selina wa Singida mjini."

Kisha muziki ukapigwa.

Selina alipiga kelele. Maryam alitoka mbio, akamkuta amekaa kwenye maji ya sabuni.

"Laurian amekufa! Nimetangaza mimi! Nimejiambia mwenyewe!"

"Mpigie."

Alipiga. Simu ya Laurian haikupatikana. Alipiga tena, ikawa vile vile. Akamkumbuka mama. Mama alikuwa na presha, na redio yake haizimwi. Alimpigia, simu ikaita bila kupokelewa.

"Selina, nisikilize," Maryam alisema, akimshika mabega. "Ulipokuwa kazini ungefanya nini?"

Selina alifuta machozi. "Ningemtafuta aliyetuma ujumbe."

"Basi fanya hivyo."

Alimpigia Antipasi tena na tena, mpaka baada ya saa nzima akapokea. "Bosi, nani alihakikisha tangazo la Laurian?"

"Tangazo gani? Mfumo ndio unasoma. Unapokea ujumbe, unaufupisha, unasoma."

"Huyo ni kaka yangu! Nisomee ujumbe wenyewe, neno kwa neno!"

Antipasi akautafuta, akasoma: "Mimi Laurian Kitundu wa Sepuka natangaza kifo cha baba mkwe wangu, Mzee Peniel. Habari ziwafikie mama yangu, Martha wa Kiomboi, na dada yangu, Selina wa Singida mjini." Mashine ilikuwa imeufupisha ujumbe. Ilimtupa marehemu, ikamuua aliyetuma.

"Mungu wangu," Antipasi alisema.

Selina hakumsubiri. Alimpigia mama. Aliyepokea ni Emiliana, jirani wa mama.

"Mama yako ameanguka," Emiliana alisema. "Alisikia redio, akatoka bila viatu, anasema anakwenda kumzika mwanawe. Tumemkuta njiani. Tuko hospitali."

"Laurian yuko hai! Mpe mama simu, nimwambie mwenyewe!"

Simu iliwekwa sikioni mwa mama. Pumzi zake zilisikika nzito.

"Mama, shikamoo. Ni mimi Selina. Laurian hajafa. Ni kosa la mashine."

Mama alijibu kwa shida. "Asubuhi hii hii umeniambia amekufa. Sauti ni hii hii. Sasa nikuamini wewe wa saa ngapi?"

"Mama, yule hakuwa mimi!"

"Basi na wewe ni nani?"

Selina alilia kama mtoto. Alikuwa na ukweli mdomoni, na mdomo wake haukuwa na kazi tena. Hofu ya kupoteza mshahara aliiona ndogo. Aliogopa jambo kubwa zaidi: siku ambayo mama na mtoto hawatajuana tena kwa sauti.

Maryam alimpata mwenyekiti wa kitongoji kule Sepuka kwa simu. Mwenyekiti alikwenda makaburini, akamwita Laurian, ambaye alikuwa anachimba kaburi la mkwewe. Simu yake ilizimika chaji tangu alipotuma ujumbe. Aliamini redio itawafikia wote. Aliposikia ya mama yake, akaacha jembe, akapanda pikipiki mpaka mjini, kisha basi la Kiomboi.

Hospitalini mama alikuwa amefumba macho. Mkono wake wa kushoto haukusogea vizuri. Laurian alipiga magoti kando ya kitanda. Mama alimpapasa uso, masikio, kisogo. Alipogusa udongo wa kaburi kwenye nywele zake, ndipo alipopiga kite akamkumbatia.

Mgonjwa aliporudi nyumbani, Maryam alikwenda na Selina kumwona. Familia ilikaa naye.

"Sauti peke yake si ushahidi tena," Maryam aliwaambia. "Sauti ya mtu yeyote inaigwa. Ukisikia habari ya kutisha, usikimbie. Kata simu, halafu piga wewe kwa namba unayoijua. Tafuta mtu aliyeko pale pale. Na mchague swali moja la nyumbani, ambalo jibu lake halijawahi kusemwa redioni wala kwenye simu za watu."

"Mwanangu nimhoji kama polisi?" mama aliuliza.

"Afadhali umhoji, mama, kuliko kuanguka tena."

Mama alitikisa kichwa. Lakini swali alilichagua, na jibu wakalikubali wote.

Redioni mambo yalibadilika pia. Wasikilizaji walijaa mlangoni wakiwa na hasira. Antipasi aliomba radhi hewani kwa mdomo wake mwenyewe. Sasa hakuna msiba unaosomwa kabla mtu hajapiga simu na kuhakikisha. Mashine ikisoma bei za mazao, inasema kwanza kwamba ni mashine, na sauti ya Selina imeondolewa. Selina alirudishwa kazini, safari hii kwa mkataba alioujadili na Maryam mstari kwa mstari. Wenzake wawili hawakuitwa. Mmoja anauza mafuta ya alizeti kandokando ya barabara. Selina akipita, wanasalimiana bila kutazamana sana.

Mama anaendelea kupona. Jumapili moja Selina alimpigia baada ya kanisa.

"Mama, shikamoo."

Mama hakuitikia. Ukiacha siku ile ya hospitali, tangu Selina ajue kusema hakuwahi kutoa shikamoo ikakosa jibu.

"Mama? Nimesema shikamoo."

"Nimesikia. Hata ile mashine inaweza kuniamkia. Chungu cha bibi yako ulipokivunja, vipande ulivificha wapi?"

Selina alijua mama anafanya sawasawa. Bado iliuma.

"Chini ya kihenge cha mtama, mama. Nikamsingizia mbuzi."

Mama akashusha pumzi.

"Marahaba, mwanangu. Marahaba."