Gurudumu Moja, Magari Matatu

Kila Jumanne na Ijumaa ndege ya kutoka Lubumbashi hutua Kamina alasiri, na mimi huwa nimeshafika uwanjani kabla yake. Nikitoka shule napita nyumbani, navua sare, nameza matonge mawili matatu ya bukari, ugali wa kwetu, kisha nachukua daftari na kalamu mbili. Moja ni ya bluu, nyingine ni ya akiba, kwa sababu ile ya bluu hupenda kugoma mbele ya wageni.

Msicheke. Nina miaka kumi na mitatu na nina kazi. Jina langu ni Naomie Kabange. Baba mdogo Constant, mdogo wake baba yangu, ana gari jeupe la kukodisha. Wageni wakishuka kwenye ndege hulikuta nje ya lango la uwanja, pamoja na la bluu la Papa Zébédée na la kijivu la Papa Noé. Kabla mgeni hajapewa gari, yeye na mwenye gari hulizunguka pamoja, nami nawafuata nikiandika: matairi, taa, vioo, mikwaruzo, gurudumu la akiba. Mwishoni wote wawili wanatia sahihi. Nawaandikia madereva wote watatu. Mwandiko wa baba mdogo hata yeye mwenyewe akiurudia kesho yake anauliza nani kaandika.

Sasa kuna jambo moja ambalo wageni hawakulijua. Magari yalikuwa matatu, lakini gurudumu la akiba lililo zima lilikuwa moja tu. Madereva walilinunua kwa kuchanga, wakalipaka rangi ya kijani katikati lisije likapotea. Makubaliano yao yalikuwa rahisi: anayekwenda mbali ndiye anayelichukua. Na kwa kuwa kwetu gari hukodishwa pamoja na dereva wake, aliyeondoka bila gurudumu alijua mwenyewe kwamba hana, akaendesha polepole na kumwomba Mungu. Kwenye karatasi ya gari lisilo nalo niliacha mstari huo wazi, na sikuona ubaya wowote hapo.

Kisha, Ijumaa moja, akaja Mama Déborah.

Alikuwa amepiga simu kutoka Kanada wiki mbili kabla. Alizaliwa hapa hapa Kamina, kule Base, kambi ya jeshi, kwa kuwa baba yake alikuwa mwanajeshi, akaondoka akiwa bado mdogo. Sasa alikuwa anakwenda Sanga, kando ya ziwa Kisale, kumwonyesha bibi yake kitukuu ambaye bibi hajawahi kumwona. Kitukuu mwenyewe, Élisa, alikuwa na miaka sita, na alinishika mkono kabla hata sijamwambia jina langu.

Lililotushangaza sote ni kwamba Mama Déborah alitaka kuendesha mwenyewe.

"Kule minaishi, mutu anashuka mu ndege, anakamata motoka, anaenda," alisema. Kiswahili chake kilikuwa na vumbi kidogo, lakini kilikuwa cha kwetu. "Miaka kumi na mbili minaendesha mu neige, mu theluji. Muchanga ya Kamina haitanishinda."

Baba mdogo alikuna kichwa, akacheka, akakubali. Papa Noé alikuwa amelaza gari lake kwa fundi, kwa hiyo siku hiyo yalikuwa magari mawili tu. Tulilizunguka letu. Taa nzima. Kioo cha kushoto kina ufa. Mlango wa nyuma umekwaruzwa. Baba mdogo akafungua nyuma na kuligonga gurudumu la kijani kwa kiganja.

"Andika, Naomie: roue ya secours iko, iko muzuri."

Niliandika ipo, nzima. Ilikuwa kweli. Mama Déborah akatia sahihi, baba mdogo akatia yake, nami nikampa mgeni karatasi yake.

"Ngojeni kidogo kwa kivuli, madame," baba mdogo akamwambia. "Tunapangusa motoka, vumbi ni mingi."

Walikwenda kukaa kwenye kibanda cha soda. Baba mdogo akarudisha gari nyuma ya ukuta wa uwanja. Dakika tano baadaye Papa Zébédée aliniita nikamwandikie na yeye. Wateja wake walikuwa wauguzi wawili kutoka Lubumbashi, nao walikuwa wanamalizia kupakua mizigo yao. Nilifika kwenye gari la bluu, nikazunguka, nikaandika matairi, taa, vioo. Papa Zébédée akafungua nyuma.

Rangi ya kijani ilinitazama usoni.

"Andika: roue ya secours iko," akasema Papa Zébédée.

Kalamu yangu ilisimama. Nyuma ya Papa Zébédée alikuwa baba mdogo, anafuta mikono kwenye suruali, na mikono ilikuwa myeusi kwa uchafu wa tairi. Gari jeupe halikuwa limepata hata tone la maji.

"Baba mudogo," nilisema, "hii si njo ile ya Mama Déborah?"

"Andika tu."

"Yeye anaenda na nini?"

"Ataenda muzuri. Pneu zile ine za chini ziko nguvu." Akasogea karibu na kupunguza sauti. "Weye mutoto, haya ni mambo ya bakubwa. Bale bauguzi bakiona haiko, batachukua motoka ya mwingine. Andika."

Nilitazama karatasi. Ile ya kwanza niliiandika kweli, na sasa ilikuwa imegeuka uongo bila mimi kuigusa. Mwandiko ulikuwa wangu. Élisa angepita nao mchangani kutwa nzima, kwenye njia ambayo unaweza kukaa nusu siku bila kuona hata baiskeli. Niliona hasira inanipanda mpaka masikio yakawa ya moto.

"Sitaandika," nilisema.

"Unasema nini?"

"Minyi sitaandika bongo, kitu haiko. Roue ni moja. Haiwezi kuenda fasi mbili."

"Naomie!" Papa Zébédée akaingilia. "Unaongea na baba yako vile?"

Baba mdogo alinyoosha kidole. "Sikiliza muzuri. Ukifungua kinywa, hutagusa tena hii motoka. Hutakaa ndani, hutaandika, hutakuya hapa uwanja. Umesikia?"

Nilisikia. Na hapo mjue jambo moja: mimi kile kiti cha mbele cha gari jeupe nilikuwa nakipenda kuliko kitanda changu. Baba mdogo alikuwa ameniahidi kwamba nikitimiza miaka kumi na minne atanifundisha kubadili gia. Nilitaka kulia. Badala yake nikapayuka.

"Baba mudogo, kama ungekuwa unaendesha weye, ungeenda Sanga bila roue? Juu ya vile mwenzako njo ataendesha, njo unaitosha mu motoka?"

  Sikungoja jibu. Nilikwenda mbio mpaka kwenye kibanda cha soda, nikamwomba Mama Déborah karatasi yake, na mbele ya macho yake nikafuta neno ipo na kuandika haipo, kwa herufi kubwa.

"Mama, roue ya secours imetoka," nilisema. "Imeenda mu ile motoka ya bluu. Munisamehe."

Basi kelele zikaanza. Mama Déborah alisimama na soda yake mkononi na kumuuliza baba mdogo kama alitaka kumwacha porini na mtoto. Baba mdogo alisema ni makosa kidogo tu. Papa Zébédée alisema watoto wa siku hizi wameharibika. Wauguzi wakaja kuona kuna nini. Watu wa pikipiki waliokuwa wanasubiri abiria langoni wakazima injini wasikose hata neno moja.

"Sichukui hii motoka," alisema Mama Déborah. "Nitaenda hata na pikipiki."

Baba mdogo alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyetoboa matairi yote manne. Lakini nilikuwa nimeshakwenda mbali mno kurudi nyuma. Nikawageukia wauguzi.

"Nyinyi munaenda wapi?" niliuliza.

"Base," mmoja akajibu. "Tutakaa kule siku tatu. Juu ya nini?"

"Mutahitaji roue ya secours?"

Wakatazamana, wakacheka. "Kwenda Base? Papa Zébédée anaendesha yeye mwenyewe, na pneu ikitoboka tunamwita kwado kwa simu." Kwado ni fundi wa matairi, na kutoka mjini hadi Base wako wengi.

 Jambo ambalo watu wazima wawili walikuwa wamelifichaficha nyuma ya ukuta liliisha kwa swali moja. Papa Zébédée alifungua gari lake, akatoa gurudumu la kijani, akalibingirisha mpaka kwenye gari jeupe. Nikaandika haipo kwenye karatasi ya wauguzi, nao wakatia sahihi bila kinyongo. Nikaandika ipo kwenye karatasi mpya ya Mama Déborah, na safari hii nilikaa nyuma ya gari mpaka lilipoondoka. Élisa alinipungia mkono kwenye dirisha.

Kisha baba mdogo akanyoosha mkono.

"Leta daftari."

Nilimpa. Akaondoka bila kunisubiri, nami nikarudi nyumbani kwa miguu.

Mama yangu, Mama Tshiala, alikuwa anachekecha unga wa mahindi. Alinisikiliza mpaka mwisho na hakuacha kuchekecha.

"Ulimupigia baba yako mudogo kelele mbele ya bantu?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Kesho asubuhi utaenda kumuomba radhi."

"Mama! Lakini nilisema kweli!"

"Sikusema uombe radhi ya kweli. Utaomba ya kelele. Ile ingine, usiiombe."

Nilikwenda. Nilisimama mlangoni kwa baba mdogo, nikapiga goti, nikasema naomba unisamehe kwa kukupigia kelele. Alingoja niendelee. Sikuendelea. Akatikisa kichwa, akarudi kunywa chai yake, na daftari langu liliendelea kukaa juu ya kabati lake.

Jumanne nilikwenda uwanjani kama kawaida. Alinikataza kugusa gari na kuandika na kuja, hilo nalijua, lakini benchi la kibanda cha soda liko nje ya lango, na benchi si uwanja. Nilikaa hapo, mikono mapajani. Baba mdogo aliniona na kujifanya hakuniona.

Gari jeupe lilirudi likiwa jekundu kwa vumbi. Élisa alishuka wa kwanza, shingoni amevaa shanga alizopewa na bibi, akanikimbilia. Baba mdogo alilizunguka gari. Alifungua nyuma, akainama, kisha akapiga makofi na kucheka kwa sauti.

"Naomie! Kuya kuona!" aliita. "Roue haikutoka hata fasi yake! Haikutumika! Makelele yote ile ilikuwa ya bure!"

Nilikwenda kuangalia. Kweli, gurudumu lilikuwa pale pale, rangi ya kijani safi, vumbi limelikalia juu.  Nakiri moyoni nilikuwa nimetamani, Mungu anisamehe, walau tairi moja lipasuke.

Mama Déborah ndiye aliyejibu.

"Hapana ya bure, papa," alisema. Hakuwa na hasira tena. "Sikiliza. Kule mbele njia inagawanyika mbili. Moja ni fupi, haina muji hata moja. Ingine inapita mu miji mingi, ni ndefu sana. Tulilala njiani, na asubuhi nilisimama pale, nikafungua karatasi ya Naomie, nikasoma. Iko. Basi nikapita ile fupi, na tukamukuta nkambo, bibi yangu, mbele ya jua kushuka. Kama ingeandikwa haiko, ningepita ile ndefu, na tungefika tu. Njia zote mbili ni nzuri kama unajua kile uko nacho. Lakini kama karatasi ingenidanganya, ningepita ile fupi na hakuna kitu nyuma."

Akaniwekea mkono begani.

"Kusema kweli si juu ya pneu kupasuka. Ni juu ya mwenzako, yeye njo anaenda, na ni yeye anapaswa kuchagua. Ukimudanganya, unamuchagulia, na hata humuulizi. Huyu mutoto aliniacha nichague mwenyewe."

Baba mdogo aliacha kucheka. Aliangalia gurudumu, akaangalia viatu vyake, akafunga mlango wa nyuma taratibu. Hakusema kwamba alikosa. Kwetu baba wachache husema hivyo, na mimi sikumngoja aseme.

Ndege ilitua. Mama Déborah na Élisa waliagana nasi na kwenda zao, na kati ya abiria walioshuka alikuwapo bwana mmoja mwenye mkoba wa ngozi aliyetaka gari la kwenda Bukama. Papa Noé, ambaye gari lake lilikuwa limetoka kwa fundi, alikuwa anajiandaa kwa safari ya mbali zaidi, na gurudumu la kijani lilikuwa limeshabingirishwa kwake. Baba mdogo alilizunguka gari jeupe na yule bwana. Walipofika nyuma, bwana akauliza:

"Na roue ya secours?"

Nilikuwa kwenye benchi langu nikisikiliza. Baba mdogo alikwenda mpaka kiti cha mbele, akafungua mlango, akatoa daftari langu. Kumbe alikuwa amekuja nalo, akaliweka humo gari liliporudi. Akanitupia, nikalidaka.

"Haiko," alimwambia yule bwana, kwa sauti ambayo watu wa pikipiki wote waliisikia. "Iko kwa Noé. Ukitaka, tutapita kwa kwado tuazime ingine, tutachelewa kidogo. Chagua weye." Kisha akanigeukia. "Weye, unangoja nini? Andika!"

Nilifungua ukurasa mpya. Kalamu ya bluu ikagoma. Nikatoa ya akiba.