Shanga za Wifi

Mama Pacha alirudi nyumbani jioni kutoka kazini, miguu imevimba. Kutwa nzima alikuwa amesimama akipiga pasi mashuka ya hoteli. Aliwapakulia pacha wake chakula, naye akala kidogo hapo hapo jikoni, bila kukaa. Kisha akatoka kwenye kibaraza cha nyuma, mahali anapotengenezea shanga za kioo.

Aliwasha kichomeo cha gesi. Mkono mmoja ulishika kijiti cha kioo cha buluu, mwingine waya uliopakwa udongo ili kioo kisigande. Kioo kikalainika kama asali. Akakizungusha kwenye waya mpaka ukatokea ushanga wa duara. Ukiwa bado wa moto, akaulaza kwenye sakafu ya saruji upoe upesi. Akaanza mwingine. Alitaka kumaliza akalale.

Tik! Ushanga ukapasuka.

"Wifi, unatengeneza shanga au bisi?" aliuliza wifi yake kutoka jikoni.

"Cheka tu. Ni zako hizo."

Wifi huyo, dada wa mumewe, alikaa nao tangu pacha walipozaliwa. Ndiye aliyewabeba wakati mama yao alipokuwa kazini. Sasa alikuwa amepata kazi mji wa mbali, na keshokutwa angeondoka. Mama Pacha alitaka aondoke na kidani cha shanga alizozitengeneza kwa mikono yake. Miaka yote hiyo hakuwahi kumshukuru vizuri.

Akazichukua shanga za jana, zile zilizopona. Nazo zilikuwa na nyufa. Mmoja ulimegeka mkononi, ukamkata kidole.

"Basi," alisema. Akazima gesi, akaketi sakafuni. "Nimechoka, wifi. Siwezi tena. Nitakutafutia kitambaa cha zawadi."

Wifi hakucheka. Alimfunga kidole, kisha akavuka uchochoro kumwita Bibi Miwani, jirani aliyestaafu kutoka kiwanda cha chupa.

"Shikamoo, bibi," alisema Mama Pacha.

"Marahaba, mwanangu. Nani kakuumiza?"

"Shanga zangu mwenyewe."

Bibi akakigeuza kipande cha ushanga kwenye mwanga. "Ulizipoza wapi?"

"Hapa chini, kwenye saruji."

"Ukimimina chai ya moto kwenye glasi baridi, inakuwaje?"

"Inapasuka."

"Ni yale yale. Ushanga ukipoa ghafla, nje hunywea wakati ndani bado kuna moto. Nje na ndani vinavutana. Mwingine hupasuka papo hapo. Mwingine hupasuka kesho, shingoni mwa mtu."

"Bibi, shingo yenyewe ni yangu!" alisema wifi.

"Basi sikilizeni. Kabla ya kuwasha gesi, bandika chungu cha mchanga mkavu kwenye jiko la mkaa. Jiko likae hapa hapa nje, penye hewa. Mchanga ukishapata moto sawasawa, anza kazi. Ushanga ukiacha kuwa mwekundu, uchomeke mchangani pamoja na waya wake, ufunikwe wote. Ukimaliza, acha makaa yafe yenyewe. Usifukue mpaka asubuhi."

"Na shanga kubwa?"

"Kubwa zinataka tanuri. Wewe tengeneza ndogo. Na uvae miwani, macho hayana spea. Ukizitoa kwenye waya, safisha tundu ndani ya maji. Lile vumbi la udongo usilivute."

"Mpaka asubuhi, bibi? Usiku kucha nitafanya nini?"

"Utalala, mwanangu. Mchanga hauhitaji mlinzi."

Jioni iliyofuata Mama Pacha alifanya hivyo, amevaa miwani ya kazi aliyoazimwa na Bibi. Alitengeneza shanga chache, akazifukia, akalala fofofo.

Asubuhi mchanga ulikuwa umepoa. Alizitoa, akaziloweka, akazikagua dirishani moja moja. Mmoja ulikuwa na ufa, akautenga. Zilizobaki zilikuwa nzima, lakini hazikutosha kidani. Zilitosha bangili tu, akaitunga.

"Nisamehe, wifi. Nilitaka iwe ya shingo."

Wifi aliivaa, akaizungusha mkononi. "Afadhali mkono, wifi. Shingo haifanyi kazi yoyote." Kisha akamkumbatia, na wote wawili wakalia kidogo.

Miezi ikapita. Jioni moja wifi akapiga simu.

"Bangili yako nimeigonga kwenye ndoo, mezani, mlangoni," alisema. "Nzima! Niliyechubuka ni mimi. Unafanya kazi? Nakusumbua?"

Mama Pacha alikuwa ameketi kibarazani, kando ya jiko, miguu ameinyoosha.

"Ongea tu, wifi," alisema. "Mchanga bado haujapata moto."